Siku Tano Kunshan: Kuwafuata Wadenmark Hadi Mchezo wa Tano

Alhamisi, 19 Mei 2016

Niliondoka Nanjing jioni baada ya kipindi cha mwisho cha maabara, nikiwa na begi moja la mgongoni na tiketi tatu za ukumbini nilizokuwa nimezinunua tangu mwezi uliopita kwa fedha niliyoibana katika posho yangu ya masomo. Treni ya mwendo kasi hupita Zhenjiang, Changzhou, Wuxi na Suzhou kabla ya kufika Kunshan Kusini, na kwa kuwa giza lilikuwa limekwisha kuingia, sikuona chochote cha kusimulia isipokuwa taa za viwanda zinazofuatana bila mwisho.

Naeleza kwanza kinachonipeleka Kunshan, mji wa China unaoandaa Kombe la Thomas mwaka huu. Kombe la Thomas ni shindano la dunia la timu za taifa za wanaume katika mpira wa vinyoya (badminton), na limepewa jina la Mwingereza George Thomas aliyelitoa. Lilishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Tangu mwaka huo hadi leo ninapoandika, limekwenda kwa nchi nne tu, zote za Asia: Malaya ambayo baadaye ikawa Malaysia, Indonesia, China na Japani. Nchi ya Ulaya haijawahi kulibeba. Mimi nimekuja kuishangilia Denmark, yenye watu wasiofika milioni sita, ambayo imeingia fainali mara nane na kutoka mikono mitupu mara zote nane.

Mtanzania kuishangilia Denmark huwashangaza watu, hata wenzangu wa bweni. Mjomba wangu alikuwa mlinzi na mfagiaji wa ukumbi wa jumuiya mmoja pale Tanga, ambako familia za Kihindi zilicheza vinyoya kila jioni. Vinyoya vilivyochakaa aliturudishia nyumbani, nasi tukavichezea juu ya kamba ya kuanikia nguo kwa raketi za mbao alizotuchongea mwenyewe. Kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi ule ilibandikwa picha iliyokatwa gazetini, ya Poul-Erik Høyer Larsen akiwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, aliyoipata kwa kumshinda Dong Jiong wa China katika fainali. Mjomba hakujua Denmark iko wapi hasa, lakini alituambia kwamba ni nchi ndogo ya baridi ambayo watu wake hucheza ndani ya kumbi kwa sababu nje hakuchezeki. Hilo lilinitosha, na tangu hapo sijabadilisha timu.

Nilipofika Kunshan niliukuta mji umenyamaa. Dereva wa teksi aliyenipeleka kwenye nyumba ya wageni alinieleza, kwa Kichina cha taratibu ili nimwelewe, kwamba wenyeji wametolewa na Korea katika robo fainali. China ilikuwa imelichukua kombe hili mara tano mfululizo kuanzia 2004 hadi 2012, na watu wengi walikuwa wamekata tiketi za Jumapili wakiamini watakuwa wanaitazama timu yao. Habari niliyoitaka mimi aliitaja mwishoni kama jambo dogo tu: Denmark imewatoa Wajapani, mabingwa watetezi. Ni kweli kwamba Japani ilikuja bila Kento Momota, aliyesimamishwa na shirikisho lake mwezi Aprili kwa kosa la kucheza kamari, lakini bingwa mtetezi ni bingwa mtetezi, na nililala nikiwa na furaha.

Ijumaa, 20 Mei

Siku ya nusu fainali. Ukumbi wa Kituo cha Michezo cha Kunshan ni mkubwa na ndani ni baridi, hata nikajuta kutobeba koti. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu kwenye ukumbi wa aina hii, nitasema kwamba televisheni humnyima mtu mambo mawili. La kwanza ni mlio. Kinyoya kikipigwa barabara hutoa mlio mkavu kama kuni inayopasuka, na mchezaji mzoefu huutumia mlio huo kujua pigo lina nguvu kiasi gani kabla hata jicho halijakiona kinyoya. La pili ni namna kinyoya kinavyokufa hewani: kinaondoka kwenye raketi kwa kasi ya kutisha, kisha manyoya yale yanashika upepo na kukipunguza mwendo, hivi kwamba mchezaji aliye upande wa pili analazimika kusoma kasi mbili tofauti ndani ya pigo moja.

Denmark ilikutana na Malaysia. Utaratibu ni michezo mitano, mitatu ya mmoja mmoja na miwili ya wawili wawili, na timu inayotangulia kushinda mitatu ndiyo inayopita. Malaysia inaye Lee Chong Wei, ambaye nchi nzima imemwegemea kwa miaka mingi, na mashabiki wake walikuja na ngoma. Mimi nilikaa katikati yao kwa sababu ndipo tiketi yangu iliponiweka, nao walinikarimu karanga hata baada ya kugundua kwamba napiga makofi upande usio wao.

Sitasimulia kila pointi. Timu zilikwenda sawa hadi mbili kwa mbili, na kila kitu kikabaki mikononi mwa mchezo wa tano, ambao kwa kawaida huchezwa na mtu wa tatu kwa ubora katika kila upande. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa jambo ambalo nimelifikiria usiku kucha. Nchi yoyote inaweza kujaliwa bingwa mmoja, kwa kuwa kipaji huzaliwa popote. Lakini mtu wa tatu, yule ambaye jina lake halimo kwenye mabango na ambaye anaweza kukaa benchi saa nne akisubiri kujua kama atahitajika, huyo hapatikani kwa bahati. Malaysia walimtegemea zaidi mtu wao wa kwanza, na Wadenmark wakawashinda kwa mtu wa tatu.

Matokeo: Denmark 3, Malaysia 2. Katika nusu fainali nyingine Indonesia iliitoa Korea, kwa hiyo fainali ya Jumapili ni Denmark na Indonesia. Jirani yangu Mmalaysia alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono na kuniambia niwaombee wasiwe kama mara zile nane.

Jumamosi, 21 Mei

Leo ilikuwa fainali ya wanawake, ya Kombe la Uber, ambapo China iliishinda Korea kwa michezo mitatu kwa mmoja na kulitwaa kombe hilo kwa mara ya kumi na nne. Wenyeji walifarijika, na mji ukachangamka tena. Nafurahi kwa ajili yao, lakini siku yangu niliitumia kwingine.

Asubuhi nilikwenda kula tambi za Aozao, chakula ambacho Kunshan inajivunia, zenye supu nyeusi nyeusi na kipande cha samaki wa kukaanga juu yake. Mezani kwangu aliomba kukaa mzee mmoja wa Kidenmark aliyevaa fulana nyekundu yenye msalaba mweupe, ambaye alikuwa akipambana na vijiti vya kulia. Nilimwonyesha namna ya kuvishika, akanishukuru, na tukazungumza kwa Kiingereza zaidi ya saa mbili. Jina lake naliacha, kwa kuwa hakunipa ruhusa ya kuliandika.

Alitoka katika kisiwa cha Fyn, ambacho mji wake mkuu ni Odense, na ndiko alikotoka Viktor Axelsen, mchezaji wa timu ya Denmark. Alinieleza kwamba kwao mpira wa vinyoya si mchezo wa matajiri wala wa shule maalumu. Karibu kila mji mdogo una ukumbi wa michezo wa manispaa, na ndani yake mna kilabu kinachoendeshwa na wanachama wenyewe, ambamo mzazi mmoja anafundisha watoto, mwingine anashika funguo, na mwingine anapika kahawa siku za mashindano. Mtoto wa miaka sita anacheza uwanja mmoja na bibi wa miaka sabini anacheza uwanja wa pili. Shirikisho lao liliundwa mwaka 1930, na miaka minne baadaye Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoanzisha shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Majira ya baridi ni marefu, alisema, na usiku huingia mapema. Mtu huenda ukumbini kwa sababu ndiko kwenye mwanga na watu. Nilimweleza habari za ukumbi wa Tanga na raketi za mbao, naye aliweka vijiti chini na kunisikiliza hadi mwisho.

Kisha akanihesabia zile fainali nane, na kwa kuwa alizitaja moja baada ya nyingine kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo wake, nami naziandika hivyo hivyo. Mwaka 1949 kule Preston, Uingereza, walifungwa na Malaya kwa michezo minane kwa mmoja. Wakati huo michezo ilikuwa tisa. Mwaka 1955 kule Singapore, Malaya tena, na minane kwa mmoja tena. Mwaka 1964 kule Tokyo, wakiwa na Erland Kops, aliyeushinda ubingwa wa wazi wa Uingereza mara saba katika maisha yake, walifungwa na Indonesia kwa mitano kwa minne, na hiyo ndiyo iliyowauma kuliko zote kwa sababu ilibaki mchezo mmoja tu. Mwaka 1973 kule Jakarta, Indonesia, minane kwa mmoja. Mwaka 1979 palepale Jakarta, Indonesia, tisa kwa sifuri. Mwaka 1996 kule Hong Kong, baada ya michezo kupunguzwa kuwa mitano, Indonesia, tano kwa sifuri, na hiyo ilikuwa katika mwaka uleule ambao Høyer Larsen angekuja kuchukua dhahabu ya Atlanta. Mwaka 2004 kule Jakarta, China, mitatu kwa mmoja. Mwaka 2006 kule Japani, China, mitatu kwa sifuri.

Nilimuuliza kama anaamini kwamba kesho itakuwa tofauti. Alijibu kwa kisa. Mwaka 1983 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Copenhagen, naye alikuwemo ukumbini Icuk Sugiarto wa Indonesia alipomshinda Mwindonesia mwenzake Liem Swie King na kuwa bingwa. Kesho, akasema, mtoto wa Icuk, Tommy Sugiarto, ndiye atakayefungua fainali dhidi ya Axelsen. Yeye alimwona baba akishinda nyumbani kwao Denmark. Sasa amesafiri mpaka China kumwona mtoto, na anaomba safari hii hesabu iwe ya upande wake. Akalipa tambi zote mbili nisijue, akaondoka.

Jumapili, 22 Mei

Naandika usiku, na mkono bado una mtetemeko.

Nilifika mapema. Viti vya Waindonesia vilijaa kwanza, nao walianza kuimba jina la nchi yao kwa kulikata vipande vinne huku wakipiga makofi, jambo ambalo hulifanya vizuri kuliko mashabiki wowote niliowahi kuwasikia. Wana haki ya kujivuna: wamelichukua kombe hili mara kumi na tatu, ingawa mara ya mwisho ilikuwa 2002. Wadenmark walikuwa kundi dogo nyuma ya benchi la timu yao. Lakini Wachina waliobaki na tiketi za fainali isiyo na timu yao iliwabidi wachague upande, na wengi karibu yangu walimchagua Axelsen. Kijana huyu wa miaka ishirini na miwili amejifunza Kichina na huwajibu waandishi wao kwa lugha yao. Nao wamempa jina la An Sailong, ambalo herufi yake ya mwisho ni joka. Kila aliposhika kinyoya kuanzisha, sauti za kumwita zilitoka pande zote.

Axelsen ametoka kuwa bingwa wa Ulaya mwanzoni mwa mwezi huu, na alicheza hivyo. Ni mrefu sana, na pigo lake la kushuka linatoka juu kama maji ya bomba lililopasuka, lakini kilichonivutia leo ni utulivu wake. Sugiarto ni mchezaji wa kurudisha kila kitu, wa kumchosha mwenzake hadi akosee mwenyewe, na Axelsen hakukubali kukasirika. Alishinda 21-17, 21-18. Denmark 1.

Mchezo wa pili ulikuwa wa wawili wawili, na Indonesia iliwaleta Hendra Setiawan na Mohammad Ahsan, mabingwa wa dunia wa 2013 na 2015. Mads Conrad-Petersen na Mads Pieler Kolding walipambana sana katika seti ya kwanza, lakini Setiawan pale mbele ya wavu ana mikono isiyo na haraka, anakiweka kinyoya mahali ambapo mtu ametoka tu kuondoka. 21-18, 21-13. Denmark 1, Indonesia 1.

Jan Ø. Jørgensen aliingia wa tatu dhidi ya Anthony Ginting, kijana wa miaka kumi na tisa tu mwenye miguu myepesi ajabu. Jørgensen anaijua Indonesia vyema: mwaka 2014 alikuwa Mzungu wa kwanza kushinda mashindano ya wazi ya Indonesia kwa wanaume kulekule Jakarta. Alimwacha kijana akimbie na kupiga mapigo yake mazuri, kisha akawa anampeleka pembeni na kumrudisha, pembeni na kumrudisha, mpaka ile miguu myepesi ikawa mizito. 21-17, 21-12. Denmark ikabakiwa na mchezo mmoja.

Hapo nilimtafuta kwa macho yule mzee wa tambi, nikamwona amesimama akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, kwa kuwa mchezo wa nne ulikuwa unakwenda vibaya. Angga Pratama na Ricky Karanda Suwardi waliwabana Kim Astrup na Anders Skaarup Rasmussen tangu mwanzo hadi mwisho, 21-16, 21-14, na ukumbi mzima ukatikisika kwa makofi ya Waindonesia. Mbili kwa mbili. Mwaka 1964 ulikuwa umerudi tena: mchezo mmoja tu.

Aliyeinuka benchi la Denmark alikuwa Hans-Kristian Vittinghus. Ana miaka thelathini. Kwa miaka mingi amekuwa mtu anayefuata nyuma ya Jørgensen na Axelsen, na leo alikuwa amekaa akitazama michezo minne huku hajui kama raketi yake itatoka kwenye begi. Nyuma ya uwanja aliketi Kenneth Jonassen, kocha wa wachezaji wa mmoja mmoja, ambaye naye ni wa kizazi kile cha wachezaji wa fainali za 2004 na 2006. Upande wa pili aliingia Ihsan Maulana Mustofa, mwenye miaka ishirini, akiwa na taifa lenye watu zaidi ya milioni mia mbili na hamsini mgongoni mwake.

Pointi za mwanzo Vittinghus hakutafuta kushinda. Alitafuta kukaa uwanjani. Alirudisha vinyoya virefu hadi mstari wa nyuma, akamlazimisha kijana apige tena, na tena, na kila pigo lililorudi lilikuwa kama swali lilelile linaloulizwa upya kwa sauti ya upole. Ihsan alikuwa na mapigo makali zaidi, lakini alianza kuyaelekeza karibu mno na mistari, na mistari ikaanza kumkataa. Seti ya kwanza ikaisha 21-15. Katika seti ya pili niliona kitu ambacho sijawahi kukiona katika fainali ya ukubwa huu: kijana alivunjika mbele ya macho yetu, si kwa sababu hana uwezo, bali kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake hakumpa hata nafasi moja ya kupumzika. Nilimhurumia kwa dhati, hata nilipokuwa nimesimama juu ya kiti. Pointi zikaenda, kumi, kumi na tano, na mwishowe 21-7, na Vittinghus akaanguka chini, na timu nzima ikamwangukia juu yake.

Baada ya miaka sitini na saba na fainali tisa, kombe limekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza.

Sikumbuki vizuri sherehe ya kukabidhi, kwa kuwa nilikuwa nalia kama mtu aliyezaliwa Odense. Nakumbuka bendera nyekundu yenye msalaba mweupe, na nakumbuka kwamba Waindonesia wengi walibaki vitini na kupiga makofi. Yule mzee nilimfikia karibu na mlango. Hakusema neno. Alinikumbatia, akanipiga mgongoni mara kadhaa, kisha akatoa kitambaa na kujifuta uso, akanipa nami nijifute.

Nilipokuwa natoka, kijana wa kujitolea aliyekuwa akikusanya vinyoya vilivyotumika aliniona nikivitazama. Akaniokotea kimoja, chenye manyoya mawili yaliyovunjika, akanipa bila kusema kitu.

Jumatatu, 23 Mei

Treni ya alfajiri, kwa sababu kipindi cha kwanza ni saa mbili kamili. Kinyoya nimekifunga ndani ya kikombe cha karatasi ili kisiharibike zaidi. Nimeyahesabu manyoya yake kama nilivyofundishwa utotoni: ni kumi na sita, ukiyahesabu na yale mawili yaliyovunjika. Mjomba alikuwa akitukataza kuchezea kinyoya kilichopungua unyoya kabla hajakihesabu mwenyewe, kwa kuwa kinayumba na kumfundisha mtoto mkono mbaya.

Nilisubiri hadi Tanga kupambazuke, kwa kuwa sisi huku tumewatangulia saa tano, ndipo nikampigia nikiwa nje ya maabara.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wamefungwa tena?"

Nikamweleza kuanzia mchezo wa kwanza. Hakunikatiza hata mara moja, na nilipofika mbili kwa mbili nilimsikia akiisogeza simu karibu zaidi na sikio. Nilipomaliza akaniuliza jina la yule wa tano, si la Axelsen, kwa kuwa la Axelsen alikuwa amelisikia tayari. Ile picha ya zamani ya Høyer Larsen anayo nyumbani siku hizi, aliichukua ukumbi ulipopakwa rangi, na chini yake pana nafasi ya kuandika. Akaenda kutafuta kalamu, akarudi, akanitaka nimtajie herufi moja moja, taratibu. Alipofika katikati ya jina akaniuliza kama hiyo t ni moja au ni mbili.

Nikamwambia ni mbili.